Mguu Umepona, Mwenye Mguu Bado

Katika komini ya Kenya, mojawapo ya komini saba za Lubumbashi (msomaji wa Nairobi au Mombasa avumilie, jina ni moja, mahali ni pawili), mtu akivunjika mguu hakosi watu. Wiki za mwanzo nyumba hujaa. Wa kanisani huja na maombi, wa kazini na bahasha, majirani na bukari, yaani ugali, iliyofunikwa, na kila anayenyanyuka kuaga huacha neno lile lile: kaza roho. Halafu plasta inakatwa. Magongo yanarudishwa kwa mwenyewe, eksirei inaonyesha mfupa umeunga, na wote wanakubaliana kwamba amepona. Kuanzia hapo haji mtu tena kumpa pole, maana pole ya nini? Nadhani hapo ndipo hesabu yetu inapokosea. Siku ya kukata plasta kazi ya mfupa inakaribia kwisha, lakini ya mwenye mfupa ndiyo kwanza inaanza, nasi huruma yetu yote tumekwisha kuitumia. Desturi ya kumtunza mtu aliyelala tunayo, tena nzuri. Ya kumtunza mtu anayejaribu kusimama hatuna.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwenye mpira, na Kenya ni mahali pa mpira. Uwanja wa Frédéric Kibassa Maliba uko humo. TP Mazembe waliutumia miaka mingi kabla ya kufungua uwanja wao wa Kamalondo mwaka 2011, na watu wa Saint-Éloi Lupopo wanauhesabu kuwa nyumbani. Vichochoro vinavyouzunguka havikosi vijana wanaokimbiza mpira, wala havikosi wanaume wa makamo ambao goti liliwatoa mchezoni. Jeraha linaloogopwa kuliko yote ni kukatika kwa ukano ulio ndani ya goti, ule unaozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Mwaka 2011 Clare Ardern na wenzake wa Australia walizikusanya tafiti za watu waliofanyiwa upasuaji wa kuujenga upya ukano huo. Wakakuta kwamba takriban 90 katika kila 100 walikuwa na goti ambalo kwa vipimo vya daktari ni zima au karibu zima, ilhali waliorudi kwenye mashindano hawakufika nusu. Mwaka 2014 walirudia hesabu kwa tafiti 69 zenye watu zaidi ya 7,500. Safari hii 81 katika 100 walikuwa wamerudi kwenye mchezo wa namna fulani, 65 walikuwa wamerudi kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 walikuwa wamerudi kwenye mashindano. Miongoni mwa sababu walizozitoa wenyewe wale ambao hawakurudi, iliyojitokeza mara nyingi ni hofu ya kuumia tena. Hao ni watu waliopata upasuaji mzuri na miezi ya mazoezi chini ya mtaalamu. Sioni sababu ya kudhani kwamba huku kwetu, ambako wengi hawapati upasuaji wala mtaalamu, pengo kati ya goti lililopona na mwenye goti aliyerudi ni dogo zaidi.

Hofu hiyo haikai kichwani peke yake, ndiyo maana kumwambia mtu aiondoe ni kumwambia jambo asiloweza kulitenda. Mtazame aliyetoka kwenye plasta akishuka ngazi za jukwaa. Mkono unatangulia kutafuta ukuta. Mguu uliovunjika unashushwa kwanza, polepole, unyayo ukiwa bapa kama unaopima maji, kisha mguu mzima unashuka kukaa kando yake kwenye ngazi hiyo hiyo; hapitishi mguu mbele ya mwenzake. Macho hayaangalii uwanja, yanaangalia vidole. Paja moja ni jembamba kuliko jingine, na wembamba huo haukuletwa na kulala peke yake. Goti likiumia, mishipa ya fahamu hupunguza amri inayopelekwa kwenye msuli mkubwa wa mbele ya paja, hata mtu anapojitahidi kwa nia yake yote kuukaza. Msuli haukupasuka, umezimwa. Kwa hiyo mtu anayesema mguu wake "haumtii" anaeleza kwa usahihi kinachotokea. Daktari wa neva Oliver Sacks aliumia vibaya mguu mlimani Norwei mwaka 1974, na miaka kumi baadaye akaandika kitabu kizima juu ya hali hiyo ya kuwa na mguu ulioshonwa vizuri ambao mwenyewe anauona kama wa mtu mwingine. Alikuwa mtaalamu wa jambo lenyewe, na bado lilimshangaza.

Mwaka 2000 wanasaikolojia Johan Vlaeyen na Steven Linton walieleza mduara unaofuata. Mtu anaumia, maumivu anayasoma kama dalili ya hatari, anaepuka kila kitu kinachofanana na kilichomuumiza; kwa kuepuka, msuli unazidi kudhoofika na hofu haipati nafasi ya kugundua kwamba imepitwa na wakati, udhoofu unaleta maumivu mapya, nayo yanathibitisha hofu. Waliojaribu kuukata mduara huo walifanya jambo la kawaida sana. Walimwomba mgonjwa apange matendo anayoyaogopa, kuanzia dogo hadi kubwa, kisha wakawa naye anapoyatenda moja baada ya jingine, huku akitabiri kitakachotokea na kujionea kilichotokea. Hofu ilifundishwa na tukio, nayo hufunzwa upya na matukio. Maneno hayaingii sana humo. Hapo ndipo ninapotofautiana na kaza roho yetu pamoja na ndugu yake, sahau yaliyopita. La kwanza linamtaka mtu aruke ngazi zote kwa mkupuo mmoja; la pili linamtaka ajifanye kwamba ngazi hazipo.

Lakini itakuwa makosa kuishia kwenye misuli na mafunzo, kwa sababu jeraha lina maana, na maana hiyo huamua linauma kiasi gani. Daktari Henry Beecher wa jeshi la Marekani aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Italia katika vita vya pili vya dunia. Mwaka 1946 akaandika kwamba robo tatu yao hawakuwa na maumivu ya kuwafanya waombe dawa. Miaka kumi baadaye aliwalinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, ambao vidonda vyao havikuwa vikubwa zaidi: zaidi ya wanane katika kila kumi walitaka dawa. Maelezo yake ni kwamba kwa askari kidonda kilikuwa ruhusa ya kutoka vitani akiwa hai, na kwa raia kilikuwa mwanzo wa balaa. Anayetaka kujua jeraha litamchukua mtu wa Kenya muda gani hana budi kuuliza, pamoja na eksirei, jeraha hilo limemtoa wapi na linampeleka wapi.

Huku Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi, swali hilo lina historia. Tangu kampuni ya madini ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, mwili wa mwanamume ulikuwa ndio tikiti yake ya kuingia mjini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kumpa mfanyakazi nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto, mradi kazi iendelee, na watu wakafika kusema kwamba kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa migodi, jinsi mamlaka ya baba nyumbani yalivyojengwa juu ya mshahara huo, na jinsi yalivyotikisika Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ilipoanguka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini katika mpango ulioitwa wa hiari. Sikutaja haya kwa sababu ya kupenda historia. Katika mji ambao ubaba umefungwa kwenye kile mikono inachokileta jioni, mwanamume aliyekaa miezi minne akila alichokitafuta mkewe sokoni amepoteza cheo, na mguu ukipona cheo hakirudi nao siku hiyo hiyo. Mke amekwisha kujua kwamba nyumba inaweza kwenda. Watoto wamekwisha kuzoea kumwomba mama. Namna anavyokasirika kwa mambo madogo, na namna anavyoanza kutoka mapema na kurudi usiku bila kazi yoyote ya kueleweka, jirani ataita tabia mbaya. Mimi naiita sehemu ya jeraha. Kwa mwanamke hesabu ni nyingine na pengine ni kali zaidi. Anayebeba karai kichwani hadi soko la Kenya hupewa siku chache za kuumwa kuliko mumewe, na akirudi sokoni akichechemea wateja wake wamehamia meza ya pili.

Kuna maana nyingine ambayo mwandishi wa mambo ya afya huiruka kwa aibu. Swali linaloulizwa nje ya nyumba ya aliyeumia, mara nyingi kabla ya kuuliza alivyoumia, ni nani alikufanyia hivi. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, alipoandika mwaka 1937 juu ya Wazande wa kaskazini ya mbali, alionyesha kwamba swali hilo halina upumbavu wowote ndani yake. Mzande alijua fika kwamba mchwa ndio waliokula nguzo za ghala lililoanguka; alichouliza ni kwa nini liliangukia watu wale, saa ile. Nalikubali swali kama swali. Wasiwasi wangu ni juu ya jibu linavyofanya kazi kwenye fahamu. Ajali ikiwa ni ya breki mbovu, imekwisha. Ajali ikiwa ni ya shemeji, haijaisha, kwa sababu shemeji yuko hai na anaishi mtaa wa pili. Mtu aliyeambiwa hivyo, na nabii au na mjomba, anarudi barabarani akiwa na sababu ya kudumu ya kuogopa ambayo hakuna zoezi la mguu litakaloigusa. Kwa upande mwingine, kanisa lile lile linalomwambia kwamba Mungu amemtoa kwenye mdomo wa kaburi linampa maana iliyo karibu na ile ya askari wa Beecher. Imani si kitu kimoja katika jambo hili, na anayeitupa yote au kuikumbatia yote hajaisikiliza.

Sasa pingamizi, nami nianze na lile la njaa. Nitaambiwa kwamba mazungumzo ya roho na hofu ni anasa ya watu wenye mshahara wa mwezi. Dereva wa pikipiki wa Kenya atarudi barabarani kabla ya kupona kwa sababu watoto wanakula kila siku, na njaa itamtibu hofu bila mwanasaikolojia. Nusu ya hoja hii ni kweli, tena ni nusu nzuri: kazi yenyewe ni dawa, na mtu aliyetengwa na kazi yake kwa huruma anacheleweshwa kupona. Nusu ya pili si kweli. Njaa humrudisha mtu barabarani; haimrudishi kwa ngazi. Humpandisha pikipiki siku moja, kwenye makutano yale yale, na abiria mgongoni, huku kila lori linalopiga honi likimkaza mikono kwenye usukani. Wengine hupona hivyo, na wapo wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu binadamu ni mgumu. Wengine hunywa kwanza ndipo watoke. Tunawahesabu wote kuwa wamepona kwa sababu wote wako kazini.

Pingamizi zito zaidi ni jingine, na nadharia ya Vlaeyen haina jibu lililo tayari kwa ajili yake. Hofu ya mchimbaji mdogo aliyefukiwa mguu si hofu iliyopitwa na wakati. Tarehe 27 Juni 2019 udongo ulianguka kwenye machimbo ya Kamoto karibu na Kolwezi, katika jimbo jirani la Lualaba, ukaua zaidi ya watu 40 waliokuwa wakichimba humo bila kibali. Shimo halikuwa la kuwaziwa. Ukimpangia mtu kama huyo ngazi za hofu, na ngazi ya juu kabisa ni kushuka tena shimoni, umefanya nini? Umechukua chombo kilichobuniwa katika nchi ambako kazi hukaguliwa, kukiwa na bima na kofia ngumu, ukakitumia kumrudisha mtu mahali ambapo akili yake timamu inamwambia asiende. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inawataka wachimbaji hawa wawe ndani ya ushirika ulioidhinishwa. Karatasi ya ushirika haishiki udongo.

Nalipokea pingamizi hili, ila nadhani linanisaidia kuliko linavyonipinga. Linatulazimisha kutenganisha hofu mbili zinazokaa ndani ya mtu mmoja na kusema kwa sauti moja. Kuna hofu ya shimo, na kuna hofu ya mguu wake mwenyewe. Ya kwanza ni elimu, na anayeitibu anamharibia mtu elimu aliyoinunua kwa gharama kubwa. Ya pili ndiyo inayomzuia asibebe ndoo, asicheze na mtoto, asijifunze kazi nyingine ya kusimama, na inamfunga nyumbani hata mbali na shimo lolote. Mtu akizichanganya, ana njia mbili na zote mbaya: ama anazishinda zote na kurudi kufukiwa, ama anazitii zote na kukaa. Kaza roho haijui kuzitenganisha. Inazisukuma zote mbili kwa bega moja. Kuzitenganisha kunahitaji mtu wa kukaa naye akauliza: unaogopa nini hasa, pale au hapa? Ndiyo kazi ya akili katika kupona ninayoizungumzia, na ni ya busara kuliko ya ushujaa.

Bila shaka atakuwepo wa kuniuliza ni nani atakayekaa naye. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, lakini mtu aliyevunjika mguu hatakwenda huko, kwani mlango huo mjini una maana moja tu na hataki kuonekana akiuingia. Hilo linanielekeza mahali pengine. Kongo yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba mlango si lazima uwe wa pili. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa na Denis Mukwege mwaka 1999, huwapokea wanawake waliojeruhiwa kwa ubakaji, na chini ya paa moja hutoa upasuaji, msaada wa kisaikolojia, msaada wa kisheria na msaada wa kujitafutia riziki. Jeraha lao ni la namna nyingine, na sitaki kulifananisha na la goti. Ninachokiazima ni mpangilio: anayeshonwa hahamishiwi nyumba ya wendawazimu ili aulizwe anavyolala. Na juu ya uhaba wa wataalamu, Zimbabwe ilijibu zamani. Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Harare kukaa benchini nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, kwa utaratibu maalumu wa kutatua shida moja baada ya nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573 katika zahanati 24, lilionyesha kwamba waliopita kwenye benchi walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kenya haina uhaba wa akina mama waliozoea kusikiliza. Chenye uhaba ni utaratibu, na mtu wa kuwaambia kwamba aliyetupa magongo bado ni mgonjwa wao.

Hadithi tunazozipenda za wanamichezo hazitusaidii hapa, kwa sababu tunazikata katikati. David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1, sekunde 40.91, goti likamkosesha mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013, kisha akatwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 na dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Hivyo ndivyo inavyosimuliwa, na mgonjwa anayeisikia anajiona mzembe. Sehemu inayorukwa ni mwaka 2014. Mei ya mwaka huo mwenye rekodi ya dunia alirudi mbioni kule Eugene, Marekani, akamaliza wa saba. Julai, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, Nijel Amos wa Botswana alimpita na kumwachia fedha. Yaliyokuwa moyoni mwake ni yake. Tunachokijua sisi ni kwamba alikubali kushindwa mbele ya watu, kwa mbio halisi, zaidi ya mara moja, kabla ya kutwaa ubingwa tena. Kwa aliyetoka kwenye plasta, mwaka huo wa 2014 una mafunzo kuliko dhahabu ya Rio.

Kinachobaki ni cha karatasi. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Kongo, tangu ile ya mwaka 1961 ya shirika la INSS hadi CNSS ya leo, inamfidia aliyeumia kazini kwa kukadiria sehemu ya uwezo wa kufanya kazi alioupoteza, na makadirio hayo huandikwa kwa asilimia. Anayehofia usukani baada ya mkono wake kuunga vizuri hana asilimia. Sidai kwamba hofu ipimwe na kulipiwa. Ingezaa waongo wengi na mahakimu wachache. Nadai kitu kidogo zaidi: kwamba kadi ya hospitali iwe na tarehe moja baada ya ile ya kukata plasta, miezi mitatu mbele, na kwamba siku hiyo mgonjwa asipigwe eksirei. Aulizwe ni vitu gani alivyokuwa akivifanya mwaka jana ambavyo sasa havifanyi, na katika hivyo ni kipi ataanza nacho wiki hii, na nani atakuwa amesimama kando yake anapokifanya.